Döndü Akpınar na Zafarani-Mwitu za Sarıtepe

Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, Bi. Döndü Akpınar atarudisha funguo za kitalu chetu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili kasoro mwezi mmoja. Aliajiriwa kung'oa magugu. Anastaafu akiwa msimamizi wa mimea ya porini, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona meza yake ikiwa haina udongo.

Alizaliwa Sarıtepe, kijiji ambacho leo ni kituo cha basi na maghorofa kumi na manne pembezoni mwa Ankara. Utotoni, theluji ilipoanza kuyeyuka, yeye na wenzake walipanda kilimani na vijiti kuchimba çiğdem, zafarani-mwitu za manjano. Walizifunga kwenye tawi wakapita nazo mlango kwa mlango wakiimba, na kila nyumba iliwapa ngano ya kupondwa au siagi. Jioni ilipikwa pilau, na matunguu ya maua yale, yaliyo kama vitunguu vidogo ardhini, yakatiwa humo humo. Mwenyewe husema amekula mengi kuliko aliyoyalinda. Sisi hucheka. Yeye hutabasamu kidogo tu.

Wapo wanaokumbuka alivyowafukuza maharusi waliokuja kupigwa picha kwenye mteremko wa kilima kile cha Sarıtepe. "Bwana harusi, nyanyua kiatu! Umemkanyaga mtu aliyengoja miezi kumi na moja atoke nje!" Bibi harusi alivua viatu vyake akashuka kilima peku, shela mkononi. Mwaka uliofuata walirudi na mtoto mchanga, wakamwomba Dada Döndü awaonyeshe pa kukanyaga.

Mwaka 2011 kilima kiliuzwa kijengwe nyumba. Mjenzi alitakiwa kupata karatasi kutoka kwetu inayosema kwamba maua yanaweza kuhamishwa, na sahihi ilikuwa ya Dada Döndü. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu mkuu wetu wa wakati huo alimfuata kitaluni, nami nilikuwa hapo nikijaza vyungu.

"Dada yangu, tia sahihi. Usipotia, wataleta tingatinga na maua yakiwamo. Ukitia, angalau utapewa msimu mmoja wa kuyachimba."

"Na wakiulizwa maua yako wapi, watajibu nini?"

"Watasema yamehamishwa."

"Kaka, lile ni ua la mlima. Si kochi, ulitoe sebuleni uliweke chumbani."

Kisha akafuta mikono, akatia sahihi.

Matunguu huchimbwa kiangazi, yakiwa yamelala, lakini wakati huo majani yameshakauka na ardhi haionyeshi kitu. Kwa hiyo Machi yote alipita kilimani akichomeka kijiti kando ya kila ua. Mwezi Mei walikuja vibarua wa kujenga uzio. Tulipofika, vijiti vilikuwa vimekwisha, na birika lilikuwa linachemka.

"Mama, tulidhani ni kuni," mmoja wao alisema, akimpa gilasi ya chai.

Aliipokea. Aliketi kwenye jiwe akainywa yote, kwa sababu vijana wale hawakujua. Kisha akapiga magoti akaanza kuchimba kwa kumbukumbu tu, akisema: "Hapa palikuwa na mbuzi wa shangazi, pale nilianguka nikavunja jino." Tulichimba siku arobaini. Tulipata kama elfu tatu. Yaliyobaki yako chini ya maegesho ya magari.

Tuliyapanda kwenye mteremko nyuma ya kitalu. Mwaka wa kwanza yalichanua mia sita. Wa pili, mia mbili. Panya wa shambani waliyala, na udongo haukuwa ule yaliouzoea. Wiki iliyopita nilikwea mteremko huo na Dada Döndü tukakuta kumi na moja.

Cheti kilichopo kwenye korido ya ofisi kuu kinaisifu idara yetu kwa "uhamishaji uliofanikiwa". Tangu kilipotundikwa, Dada Döndü huingia kwa mlango wa nyuma. Miaka yote nilidhani ni kwa ajili ya matope ya viatu vyake.

Januari hii ililetwa karatasi nyingine, ya kilima kilicho ng'ambo ya barabara ya mzunguko, jina lake likiwa limeshachapwa chini. Aliyeileta alimwambia kwa moyo mzuri, "Bi. Döndü, wewe ulishafanya, unajua."

"Ndiyo," alijibu. "Nilishafanya." Akairudisha bila sahihi.

Nilipomwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, aliniomba jambo moja: "Andika lolote, mdogo wangu, hata umbea. Ila usiandike kwamba niliyaokoa."

Sikuandika.

Anahamia Beypazarı kwa dada yake, kwenye nyumba yenye uwanja na mti mmoja wa tufaha. Kitalu kizima kinamshukuru kwa mikono yake na kwa ukali wake, na kumwombea miaka mingi ya afya, chai moto na magoti yasiyouma.

Karatasi ya kilima cha pili imechapwa upya, safari hii kwa jina langu. Iko mezani kwangu tangu Jumatatu. Dada, hadi taarifa hii inakwenda kupigwa chapa, bado haina sahihi.

Levent Uysal, kitaluni