Kipimo cha Jasho la Fundi Saa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mkewe alimsimamisha mlangoni, akamfuta viganja kwa upindo wa gauni, akamwambia, "Nenda, usiangushe skrubu za watu." Jioni hakumkuta hai. Tangu hapo Fundi Saa hujifuta mwenyewe kwa leso, na viganja hulowa tena kabla hajafunga mlango. Akitoka kazini hukaa mwisho wa benchi la kijiweni, karibu na birika la kahawa, pamoja na Bucha, muuza nyama, na Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kuingia ila ubishi wake hauna rufaa. Leo Fundi alikuja na swali kutoka kliniki.

— Daktari kaniuliza, kutoka sifuri hadi kumi, jasho linanisumbua maisha kiasi gani. Nimekosa jibu. Kesho nirudi nalo.

— Hilo tu? — Bucha akadakia. — Lete leso nikupimie kwenye mizani yangu, kavu kisha mbichi. Tofauti ndiyo jibu.

— Mizani yako ile inayosoma mfupa ikasema nyama? — Wakili akacheka. — Wahenga walishatuamulia, bwana. Haba na haba hujaza kibaba. Basi jasho lipimwe kwa kibaba.

— Ashinde anajikamua?

— Ajikamue! Au achemshe leso mpaka ibaki chumvi. Chumvi ikitosha mchuzi wa nyumba moja, hiyo saba.

— Ikitosha wa harusi?

— Kumi!

— Mimi naona aingie kwenye pipa, — Bucha akasema, — tuone maji yamepanda mpaka wapi. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Fundi alitabasamu, akaikunja leso katikati, kisha katikati tena. Alikuwa anakumbuka mazishi. Watu walikuja wengi, wakampa pole kwa kumgusa bega. Alirudi nyumbani mabega yamechoka, viganja vimelowa vilevile.

Akaja kijana mpaka rangi, ambaye tangu jana yupo juu ya ngazi kwenye nyumba ya ng'ambo. Akasalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Wa Fundi akaushika kama alivyoshika ya wengine, akauachia bila haraka.

— Samahanini wazee wangu. Jana kule juu niliona mkikutana mnapeana mikono. Huyu mzee mnampungia tu. Amewakosea nini?

— Hajatukosea, — Bucha akasema. — Tunamsitiri. Mikono yake, unajua... asije akaona haya.

— Kwani alisema hataki?

Bucha alimtazama Fundi, Fundi akatazama leso. Wakili akainamisha birika juu ya kikombe chake. Likatoa machicha matupu. Wakaagana kwa kupunga.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kliniki, Fundi Saa aliiacha leso juu ya kitanda, upande ule usiolaliwa. Akapita buchani. Bucha alikuwa anakata mbavu, mikono imejaa mafuta. Fundi akamnyooshea mkono juu ya meza, unachuruzika jasho.

— Ngoja nijifute kwanza, ndugu yangu, — Bucha akasema, akitafuta kitambaa.

— Usijifute, — Fundi akasema, na hakuurudisha mkono.