Setilaiti za Maskati

Sami: Haloo? Nani mwenzangu?

Hind: Mimi Hind. Shikamoo kaka.

Sami: Marahaba. U wapi, Hind? Si ulisema ushapita Dunga?

Hind: Nshapita zamani. Mbele barabara inachongwa, wakanitia njia ya maweni. Njia panda ya kwanza nkafuata magari, ya pili nkakisia, na sasa – (mkwaruzo) – vichaka tu. Hapana mtu wa kumuuliza. Mama vipi?

Sami: Yupo. Kina Bi Mwanapili wamemzunguka kitandani, wanamsomea Yasini. Asubuhi kaniuliza kama mwanawe wa Maskati keshashuka ndege.

Hind: Mwambie nshashuka. Nipo njiani.

Sami: Nshamwambia. Fanya haraka tu. Kile chombo cha kuonyesha njia ulichokuja nacho?

Hind: Nimekiwasha. Kinaandika kinatafuta setilaiti, basi, hapo hapo. Ramani inaniweka nyumbani kwangu Maskati.

Sami: Ndiko kilikozimwa mara ya mwisho, kinadhani bado kipo huko. Kinatafuta setilaiti za mbingu ya kule. Umesimama?

Hind: Nnaendesha.

Sami: Simama. Toka chini ya miti, gari iwe uwazini. Kila setilaiti inakipa saa na mahali ilipo. Ikizibwa na miti, kinaanza upya. Kikizisikia nne vizuri, kitajua kilipo.

Hind: Kitachukua muda gani?

Sami: Kikitoka mbali kinachukua muda.

Hind: Muda, kaka?

Sami: Kazi yangu ni kuvifunga kwenye magari ya watalii, Hind. Sina namna ya kukiharakisha.

Hind: Mwekee mama simu sikioni.

Sami: Ngoja... Haya, sema.

Hind: Mama. Mimi Hind. Nipo karibu, mama. Nisamehe – (mkwaruzo) – miaka yote hii nikisema mwakani, mwakani. Mama?

Sami: Kakusikia. Kafumbua macho.

Hind: Kasema nini?

Sami: Hakusema. Katazama mlangoni.

Hind: (Anavuta pumzi.) Kimeshika moja. Mbili... tatu. Kaka, nne. Maskati imeondoka.

Sami: Kinakuonyesha nini?

Hind: Mshale. Pembeni kweupe. Hapana njia, hapana jina, hata bahari hapana.

Sami: Hakikutiwa ramani ya Unguja.

Hind: Kuna nambari chini. Sita, nukta –

Sami: Nambari ni za kweli, lakini huku sina ramani ya kuzipimia.

Hind: Kwa hiyo chenyewe kimejua kilipo, na mimi sijui.

Sami: Fuata mashariki. Uroa kwetu ipo pwani, ukiikuta bahari umefika.

Hind: Mashariki ni mawe matupu, gari haipiti. Njia yenyewe inakwenda kusini.

Sami: Basi – ngoja. Ngoja kidogo, Hind.

(Nyuma ya simu, sauti za wanaosoma Yasini zinakatika.)

Hind: Kaka? Mbona siwasikii tena wanaosoma?

(Mkwaruzo.)

Hind: Kaka Sami?

Sami: Nipo. Fuata hiyo ya kusini, nadhani itakutoa Chwaka, hapo jirani na kwetu. Endesha taratibu.

Hind: Sasa hivi uliniambia nifanye haraka.

Sami: Ndiyo. Sasa njoo taratibu, mdogo wangu. Tutakungoja. Hatutamtoa nyumbani mpaka ufike.

Hind: Nngojeni. Kaka, mwambieni – salio langu lina –

(Simu inakatika.)