Bi. Shizuno Sugitani, Aliyempokea Kila Mtu kwa Mara ya Kwanza

Marehemu Bi. Shizuno Sugitani alizaliwa tarehe 14 Novemba 1941 mjini Matsue, mtoto wa tatu wa mzee Denzo Kuwabara, mtengenezaji wa vitafunio vitamu vya chai, na mkewe Bi. Tome.

Alisoma papo hapo Matsue, akamaliza sekondari Machi 1960. Hesabu zilimpiga chenga. Mwaka huohuo alipelekwa kwa Bi. Ashihara kujifunza kuandaa chai kwa taratibu za kale, akaendelea kujifunza kwake miaka tisa, hata baada ya kuolewa. "Miaka tisa kukoroga chai!" baba yake alimtania. "Hata ng'ombe angekwisha kuhitimu."

Tarehe 3 Mei 1966 alifunga ndoa na Bw. Morio Sugitani, mkata tiketi wa stesheni. Walijaliwa binti mmoja, Tamaki, ndiye anayewasomea maneno haya. Kila asubuhi marehemu alisimama mlangoni hadi mumewe apotee kwenye kona. Jirani hakuvumilia.

"Mama Tamaki, mumeo anakwenda vitani?"

"Anakwenda stesheni."

"Si atarudi jioni?"

"Wa jioni nitampokea jioni."

Bw. Morio alitangulia mwaka 2009.

Kuanzia 1970 marehemu alifundisha chai katika chumba cha nyuma ya nyumba. Ukutani palining'inia maneno *ichigo ichie*, kwamba kukutana huku ni kumoja tu maishani, hakurudiwi hata mkirudi watu walewale na birika lilelile. Neno "siku nyingine" lilikuwa mwiko nyumbani mwake. Tamaki alipokuwa msichana lilimponyoka mara kwa mara, na kila lilipomponyoka alikosa kitafunio.

Ugonjwa wake ndio unaoitatiza familia kuusimulia, maana hakuna ajuaye ulianza lini. Jumapili moja ya Machi 2019 Tamaki alikuja kumwona. Marehemu akapiga magoti, akainama, akamwamkia kwa salamu ya watu ambao hawajawahi kuonana. Tamaki akadhani ni somo. Naye akainama, akaitikia vilevile, wakanywa chai kama wageni.

Wanafunzi wakaamkiwa hivyohivyo. Bi. Orie, mkubwa wao, alitokwa na machozi. "Mwalimu amefika mbali! Sisi bado tunaonana kwa mazoea." Mwaka mzima na miezi miwili walimsifu. Siku alipokiinamia kioo na kujiamkia mwenyewe, Bi. Orie alitoa kalamu aandike. Tamaki ndiye aliyempeleka kwa daktari.

Daktari aliuliza, "Amekuwa hivi kwa muda gani?"

"Daktari, mama amekuwa hivi miaka hamsini."

Daktari alisema kumbukumbu zinamtoka. Tamaki alikubali, kisha akakataa, kisha akakubali tena. Mpaka leo hajui amesimama wapi. Alijilaumu kwa kuushangilia ugonjwa. Akajilaumu pia kwa kuliita ugonjwa lile ambalo mama yake alilifanyia kazi umri wake wote. Lililomnyima raha ni moja: je, mama bado alikuwa anamjua, au kila Jumapili alikuwa akinywa chai na mpita njia?

Kwa miaka mitatu na ushei hakuthubutu kuuliza. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, theluji ikianguka, marehemu akiwa hoi kitandani nyumbani kwake, aliuliza.

"Mama, unanijua mimi?"

Marehemu alimtazama kwa makini, vile alivyowatazama wageni wake wote.

"Hapana," akasema. "Sikujui. Lakini ni wewe niliyekuwa nakungoja."

Tamaki alitaka kuuliza tena, maana jibu hilo halikumtoa gizani. Akakumbuka maji yako motoni, akainuka kuyaepua. Aliporudi, mama yake alikuwa amekata roho, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Marehemu ameacha mdogo wake, Bw. Eikichi Kuwabara, mkwe, Bw. Hidenori, wajukuu wawili, Nagisa na Sota, wanafunzi wake wakiongozwa na Bi. Orie, na binti mmoja, ambaye hajui kama alijulikana, ila anajua kwamba alingojewa.

Pumzika, mama. Leo sisi ndio tuliosimama mlangoni.