Gari Aliloliacha Papa Hilaire Mvuani

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio ndani ya taxi-bus asubuhi hii, punguzeni kelele kidogo. Leo sina utani wa kufungulia kipindi. Papa Hilaire Kazadi hayupo tena. Nasema tena kwa ajili ya aliyewasha redio sasa hivi: Papa Hilaire Kazadi, yule mzee wa gari la buluu, alifariki Alhamisi iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na moja. Tulimzika Jumamosi, siku yake ya kuosha gari. Familia inasema ilitokea tu hivyo.

Wengi mnaijua sauti yake. Miaka minne iliyopita alikaa kwenye kiti hiki hapa mbele yangu, akawafundisha watu wa Likasi kutunza rangi ya gari nyumbani. Hakuna kipindi changu kilichopendwa kama kile. Mpaka leo napigiwa simu: "Didier, ule mzee alisema nta inapakwa mara ngapi?" Mara moja kwa mwezi, jamani. Alisema mara moja kwa mwezi.

Alizaliwa hapa hapa Likasi. Baba yake alitoka Kasaï kufuata kazi, mama yake alikuwa mtu wa huku. Hilaire aliingia kiwanda cha shaba akiwa na miaka ishirini na minne. Akawekwa upande wa asidi, akabaki huko miaka thelathini na mitano. Kumbukeni hilo, wasikilizaji: miaka thelathini na mitano upande wa asidi. Mjane wake, Mama Philomène, aliniambia juzi tukiwa kwenye matanga, akikumbuka shati la kazi la marehemu:

"Shimizi yake ya kazi nilikuwa nashona kila juma. Asidi ilikuwa inakula nguo, hapa ku kifua. Minye nashona, yeye anavaa, inakula tena. Hatukuwaza kintu."

Alipostaafu alinunua Toyota Corolla iliyotumika, buluu iliyokolea. Sijui kama mnajua mzee anavyoweza kupenda gari. Huyu alipenda. Mama Philomène aliliita mke mwenza wake, na akiulizwa mumewe yuko wapi Jumamosi, alijibu, "Iko kwa mwenzangu."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijashika bati, Papa Hilaire alitoa ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Ndoo moja, alisema, ni ya wavivu, maana mchanga uliotoka kwenye gari unarudi kwenye gari. Alianza juu ya paa, akashuka. Magurudumu yalikuwa ya mwisho, tena kwa kitambaa chao. Siku moja jirani yake Symphorien alitoka na Omo na brashi ya kufulia. Papa Hilaire, mtu wa miaka sitini na kitu, alipanda ukuta.

"Symphorien! Weye unaosha motoka ao unasugua nyungu?"

Baada ya kukausha, alivaa kimfuko cha plastiki mkononi, kile chepesi cha kufungia chumvi, akapitisha vidole taratibu juu ya boneti. Kimfuko kinafanya vidole visikie hata punje moja. Palipokwaruza, alipasafisha kwa donge laini la udongo wa magari. Kisha polishi, lakini kidogo sana. "Rangi njo ngozi," aliwaambia siku ile hapa redioni. "Kila ukisugua, unapunguza ngozi." Mwisho nta, ya kufunika yote, ili kitakachoanguka juu kisiguse rangi.

Na vitu vinaanguka. Mnajua wenyewe. Kuanzia Mei mpaka Septemba hatuna mvua, vumbi linapanda juu ya kila kitu. Halafu Oktoba yanakuja yale manyunyu ya kwanza, vumbi linalowa, na ukiliacha mpaka kesho yake mchana, unakuta rangi ina vidoa vidogo vilivyochimba. Sisemi ni vumbi la nani. Barabara zetu zina vumbi, malori yanayotoka mgodini Kamatanda yana vumbi, mabomba ya moshi yapo. Mimi ni mtangazaji, si mkemia. Lakini Papa Hilaire alivitazama vile vidoa akavijua, kama unavyomjua mtu uliyefanya naye kazi.

Kwa hiyo alijenga gereji. Matofali, mlango wa chuma, mpira umebanwa chini ya mlango wote. Kilikuwa chumba pekee katika ile parcelle yote, nyumba na ua, ambacho vumbi halikuingia. Dirisha la sebule lilikosa vioo viwili, palizibwa kwa katoni. Mimi nilienda pale na kinasa sauti changu, nikamhoji mzee nusu saa nzima juu ya gereji. Niliiona ile katoni. Sikuuliza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wamezungumza vibaya.

Papa Hilaire ana binti, Aimée. Aimée alirudi kuishi kwa wazazi wake na mtoto wake, Tina, aliyekuwa na miaka mitatu. Walilala sebuleni, chini ya lile dirisha. Tina akaanza kukohoa. Ilisemekana ni baridi. Ilisemekana ni barafu tamu anazonunuliwa. Alipewa sirapu, akapewa sindano. Daktari mmoja alisema huenda ni vumbi, huenda alizaliwa na kifua dhaifu, yeye hajui. Usiku mtoto alikuwa anaketi wima kitandani ili apate hewa. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri kifua cha mtoto mmoja.

Mwaka juzi, Oktoba, siku ya Jumamosi. Gari limeshaoshwa, limepakwa nta, liko uani linakauka. Mawingu yakafunga ghafla. Aimée ndiye aliyenisimulia, na nampa nafasi yeye:

"Mvula ilianza kidogo-kidogo, ile ya kwanza. Baba alitoka mu nyumba mbio. Minye nikawaza, anaenda kukamata mutoto. Tina alikuwa katikati ya lupango, kinywa wazi, anakamata matone na ulimi. Baba akapita pembeni yake. Akaenda kusukuma motoka."

Alilisukuma gari mpaka ndani. Akafunga mlango wa chuma, akabana na gunia chini. Akapangusa mikono. Ndipo akageuka na kumwona mtoto amesimama pale pale uani, ulimi nje, anacheka.

"Akaniangalia," anasema Aimée. "Akasema, Aimée, nilipita mutoto. Akarudilia, nilipita mutoto."

Wasikilizaji wapendwa, simlaumu mzee. Nani kati yetu hajakimbia namna ile? Lakini yeye alijilaumu. Mchana ule ule aliufungua mlango, akalisukuma gari lake nje, kwenye manyunyu. Nta ilikuwa haijakauka vizuri. Akafagia gereji, akaosha kuta, akapaka chokaa, akaingiza kitanda cha Tina. Mama Philomène anasema hakumsaidia kusukuma, kwa sababu alidhani mumewe ameshikwa na kichaa.

Gari likabaki nje, na hakuliosha tena. Nasema tena, maana wengi hamkuelewa: hakushindwa kuliosha, alikataa. Mtu aliandika kwa kidole juu ya vumbi la boneti: NIOSHENI. Watu wakacheka. Mtaa ukasema ule mzee, vieux Hilaire, amekwisha. Symphorien mwenyewe, yule wa Omo, alikuja na ndoo mbili, akaomba amwoshee bure. Papa Hilaire akamshukuru, akamrudisha.

Mvua zikaisha, ikawa miezi sita tangu gari litoke gereji. Hapo ukimsalimia, alikuwa anachomoa kile kimfuko cha plastiki kutoka kwenye suruali.

"Vaa ku mukono. Pitisha hapa juu."

Unapitisha. Paa la gari linakwaruza kama ukuta usiopigwa plasta.

"Unasikia?"

"Nasikia, papa."

"Hii ni miezi sita tu. Mutoto wako eko na miaka ngapi hapa?"

Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakasema anawatabiria watoto wao mabaya. Mama mmoja aliondoka analia. Mimi nilianza kupita njia ya nyuma nikienda kazini, na nawaambieni hivyo kwa aibu.

Tina alilala gereji miezi kumi na minne. Usiku kikohozi kilipungua kidogo, lakini mchana anatoka, anakwenda shule, anacheza kama watoto wote. Mtoto hawezi kuishi ndani ya gereji. Mwishowe Aimée alimpeleka Tshangalele, kule ziwani, kwa shangazi yake Martine anayeuza samaki. Kule Tina anaendelea vizuri zaidi. Hajapona, lakini analala mpaka asubuhi. Papa Hilaire alikwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili alirudi yeye mwenyewe anakohoa, na kikohozi kile hakikumwacha. Madaktari waliopima mapafu yake nao kila mmoja alisema lake.

Siku ya Jumatano, siku moja kabla ya kufariki, alimwita mkewe. Mama Philomène ameniruhusu niyaseme haya:

"Akasema, nikikufa, musirudishe Tina huku. Hata ku maziko. Minye nikasema, Hilaire, mutoto ashimuone kambo yake? Akasema, atanikumbuka kule kule. Mukimuleta, mumenizika bule."

Kwa hiyo Jumamosi, makaburini, Tina hakuwepo kumuaga babu yake. Nilisikia minong'ono. Nilisikia watu wakisema ni mjukuu gani asiyeletwa kumzika babu yake, ni mama gani huyo Aimée. Sasa mmeijua sababu. Naomba minong'ono ikome leo. Kama mna hasira, zileteni hapa redioni, kwangu.

Maana kuna jambo langu pia.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, Papa Hilaire alirudi kwenye kiti hiki. Alivaa suti yake ya Misa. Alisema, "Didier, ulinipatia nafasi ya kusema juu ya nta. Nipatie dakika tano niseme juu ya ile bitu inaanguka." Nilimrekodi. Alizungumza dakika nne. Halafu nilikata yote. Msinitafutie udhuru. Hakuna mkubwa aliyenipigia simu, hakuna aliyenitisha. Nilifikiria wanaotuletea matangazo, nikaogopa kabla hata ya kuogopeshwa. Jumamosi ile, badala ya dakika nne za mzee, nilirudia kipindi cha nta na muziki.

Jumapili alinikuta nje ya kanisa. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Didier," akasema, "nilisikiliza mpaka mwisho." Akaenda zake.

Ile kanda nimeitafuta, haipo. Lakini karatasi yake aliyoisoma ilibaki kwenye droo yangu, imeandikwa kwa mkono wake. Naisoma kama ilivyo.

"Minye Hilaire Kazadi. Nilitumika na asidi miaka makumi tatu na tano. Niliona inakula shimizi, nikashonewa. Niliona inakula rangi ya motoka, nikapaka nta. Mutoto, sikupaka kintu. Sisemi ni nani anatuma ile bitu mu anga, sijui. Niko naomba baje kupima. Bapime mayi ya mapipa yetu. Bapime mavumbi ya ku madirisha. Bapime bifua ya batoto. Kama hakuna kintu, batuambie hakuna kintu, bayiandike, baweke sahihi. Siku ile, minye nitaosha motoka yangu tena."

Hakuna aliyekuja kupima, wasikilizaji wapendwa. Na nani angekuja, kama redio ilinyamaza? Gari bado liko uani. Jumamosi, baada ya maziko, nililigusa kwa mkono mtupu. Buluu imekuwa kijivu.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa kituoni, natoa pole kwa Mama Philomène, kwa Aimée, kwa shangazi Martine kule Tshangalele, na kwa Tina, ambaye nimeambiwa ana redio ndogo na anajua kuifungua. Tina, kambo yako alikupenda. Ninyi wengine, kaeni leo na swali moja, mkalijibu nyumbani kwenu bila kuniambia: manyunyu yakianza, mnakimbilia nini kwanza? Mimi nimelijibu langu. Nina banda zuri la gari. Chumba cha watoto wangu bado kina dirisha la katoni, na nimepita mbele yake kila asubuhi kuja kuwaambia ninyi habari za mji.

Mama Philomène, najua umewasha. Maneno haya yalitakiwa kusikika mzee akiwa hai, amekaa karibu nawe. Nimeyachelewesha mwaka mmoja na miezi minne. Nisamehe.