Majina Ishirini Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na mbili, aliyetutoka Jumanne. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na vyerehani viwili, kimoja chake, kingine cha mdogo wake.

Fundi alishindwa kura za mchujo wa udiwani kwa kura tisa. Kura tisa tu, ndani ya chama alichokishonea sare miaka ishirini. Wiki haikupita, chama kipya kikamletea fomu ya kugombea.

"Dada, umeshindwa, tulia," mdogo wake alimsihi. "Hawa watu wa chama chako cha zamani watakumaliza."

"Wakinimaliza, suruali zao atazipunguza nani?" Fundi akacheka. "Hebu tia sahihi hapa, mwoga wee."

Mdogo wake akatia sahihi. Akawa wa kwanza kati ya wadhamini ishirini. Maana fomu hiyo lazima iwe na wadhamini ishirini, na majina yao hubandikwa mlangoni pa ofisi ya uchaguzi. Kila mpita njia anayasoma.

Siku ya tatu baada ya orodha kubandikwa, wakaja wanaume wawili kupimwa suti. Kitambaa hawakuleta. Fundi akapima mabega, mdogo wake akaandika. Mmoja akauliza, taratibu kabisa, "Mama, hawa ishirini wanakaa mitaa ipi?"

Futi ya kupimia ikamdondoka Fundi. Mdogo wake anasema hajawahi kumwona dada yake akidondosha kitu.

Asubuhi yake Fundi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Akamwambia kila mdhamini, "Ukitaka kutoka, toka. Sina kinyongo." Kumi na mmoja wakajitoa. Mlangoni kwa wa kumi na mbili akashika kifua, akaanguka. Daktari alisema ni presha.

Sasa watu wanabishana. Aliyeshindwa kwenye mchujo arudi kwa chama kingine, au akubali yaishe? Wengine wanamwita Fundi mroho wa cheo. Wengine, shujaa. Tulipomuuliza mdogo wake kama na yeye atafuta jina lake, alifunga dirisha kwanza.

"Naogopa, jamani. Mtu akibisha hodi, nachungulia kwanza. Lakini nikijifuta, nani atasema dada alikuwa na haki ya kujaribu tena?"

Kwako wewe, mdogo wake Fundi, na kwa familia yote, poleni sana. Nasi tujiulize, kama kumdhamini jirani kunatutia hofu hivi, hapo tunachagua nini?

Orodha bado imebandikwa. Ukipita pale ukaona jina unalolijua, tafadhali, usilisome kwa sauti.