Wasifu wa Fundi Daimu Bakili, Anayezikwa Hapa Hapa Songea

Wazee wetu, shikamooni. Waislamu wenzangu, assalamu alaykum. Majirani zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu si desturi kuchapa ratiba ya maziko wala kusoma karatasi mbele ya jeneza. Kikundi cha kuzikana cha mtaa kimeomba ifanyike hivyo kwa sababu ndivyo mtaa unavyofanya, na marehemu hakuwahi kuukatalia mtaa jambo. Niliyeandika na ninayesoma ni Muhsini, mwanawe wa pili. Niliandika jana nikiwa na hasira. Asubuhi nimeirudia, nikaona niiache ilivyo, ila nimeongeza ya leo mwishoni.

Marehemu Daimu Bakili alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 katika tarafa ya Nalasi, wilayani Tunduru, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Bakili Ausi na Bi. Mwanne Saidi, wakulima wa korosho. Alikuwa Myao kwa baba na kwa mama. Nalisema hili mapema kwa kuwa kwa miaka thelathini na minane mtaa huu ulilisema kabla ya jina lake.

Alisoma chuo cha Kurani kwa babu yake, kisha shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hakuchaguliwa kuendelea. Alipenda kusimulia kuwa shuleni alichapwa mara moja tu, siku aliyoifungua baiskeli ya mwalimu mkuu mpaka gololi ya mwisho ili aone kinachoifanya izunguke. Aliifunga yote kabla ya kengele ya mchana, na mwalimu mkuu mwenyewe alikiri kuwa breki zilikuwa zinashika kuliko zamani. Lakini fimbo zilikuwa zimeshachapwa.

Mwaka 1981 alikuja Songea kubeba magunia katika ghala la tumbaku. Mwaka 1986, tarehe 9 Agosti, alirudi Tunduru kumwoa mama yetu, Shakila Abdul, na mwaka uliofuata akanunua kiwanja hapa Mtaa wa Mikaratusi, Bombambili, akajenga vyumba viwili na kibanda cha kutengeneza baiskeli mbele ya nyumba. Wakati huo mtaa ulikuwa na nyumba tisa, sehemu iliyobaki yote mahindi. Nyumba nane zilikuwa za Wangoni, Wakatoliki. Ya tisa ilikuwa yetu. Leo nyumba ni nyingi na lami imepita jirani, lakini hesabu ya upande wetu haijabadilika.

Alijifunza Kingoni ndani ya miaka miwili, akakisema vizuri kiasi kwamba wateja kutoka Namtumbo walimuuliza anatoka ukoo gani. Hapa mtaani haikusaidia. Akiingia kikaoni watu walihamia Kiswahili, na wakitaka kusema jambo lisilomhusu walirudi Kingoni mbele yake, wakisahau kuwa anaelewa. Yeye alitazama chini, akijifanya hasikii, ili wasione aibu. Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake na nilikuwa nasikia.

Walimwita Korosho. Sisi watoto tuliitwa Vikorosho, shuleni na bombani. Tuliambiwa ni utani, na utani ni mzuri, mradi uwe na pande mbili. Siku moja harusini mtu alimtania mbele ya wageni kwamba Korosho amekuja mjini kuota mizizi, naye akajibu kwa upole, "Korosho inakaa mwaka mzima. Ulanzi kesho umechacha." Walioshika vikombe vya pombe hiyo ya mianzi wakaviweka chini. Jirani mmoja alikuja kesho yake kumweleza kuwa amewakosea wenyeji, na marehemu akaenda kuomba radhi. Tangu hapo alitaniwa bila kujibu.

Sasa nifike kwenye kisu, maana wengi wenu mnamkumbuka kwa kisu kuliko kwa baiskeli. Mwaka 1989 Mzee Otto, ambaye naye ameshatangulia, alikuwa anamwoza binti yake Benigna. Miongoni mwa wageni wake walikuwemo Waislamu wa kazini kwake. Asubuhi mapema akaja kugonga mlango wetu na kumwomba fundi amchinjie ng'ombe, ili wageni wote wale bila wasiwasi. Mama alitusimulia kuwa baba alifurahi mno. Miaka miwili hakuna aliyekuwa amegonga mlango ule isipokuwa mwenye pancha. Alivaa kanzu. Alimpa ng'ombe maji kwanza, akamlaza taratibu kuelekea kibla, na kisu hakukitoa kwenye kitambaa mpaka mnyama alipofumbwa macho. Aliporudi alimwambia mama, "Sasa tumekuwa watu wa hapa."

Kuanzia siku hiyo hakuna harusi, komunyo ya kwanza, kipaimara wala msiba wa mtaa huu uliopita bila kisu chake. Aliitwa akiwa amefunga, aliitwa akiwa na homa. Hakuomba kitu. Sehemu ya mchinjaji, yaani shingo, ilitiwa kwenye mfuko, akapewa kwa mlango wa uani, akashukuriwa, akaambiwa ampelekee mama. Hayo yalifanyika kabla wageni hawajaketi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marehemu alipewa kisu, na siku ya tatu haikufika.

Mama aliona mapema kuliko yeye. Mwaka 2003 baba alileta shingo ya mbuzi kutoka nyumba ya tatu kutoka kwetu, muziki ukisikika mpaka jikoni. Mama aliutazama mfuko ule, akaurudisha mezani. Akasema, "Siku ukikalishwa ukala, na mimi nitakula. Huu ni ujira." Nyama hiyo aliila mbwa. Baba alikasirika siku mbili, na harusi iliyofuata alikwenda kama kawaida.

Mwaka 2009 kikundi cha kuzikana kilitafuta mwenyekiti mpya. Marehemu alikuwa mwanachama tangu siku kilipoanzishwa, na majembe ya kikundi yalilala kibandani kwake kwa sababu alikuwa akiyatia mipini bure. Mtu mmoja alimpendekeza. Mzee Kajetani akasimama, akasema, "Fundi Daimu tunampenda, lakini ni mgeni wetu. Mgeni hapewi ufunguo wa ghala." Watu walipiga makofi. Mzee Kajetani yupo hapa, na sisemi kwa kumchukia. Nasema tu kwamba yeye alihamia mtaa huu kutoka Namtumbo mwaka 1998, miaka kumi na mmoja baada ya baba, na godoro lake lilibebwa kwa baiskeli ya baba. Alikuwa mwenyeji tangu alipolitua.

Mama alifariki tarehe 3 Februari 2016. Tulikuwa tumezoea kuambiwa kuwa sisi na mtaa ni watu wa kufa na kuzikana. Siku ile viti vya kikundi havikuja, sufuria hazikuja. Walipoulizwa baadaye walijibu kuwa walidhani Waislamu tuna taratibu zetu. Taratibu zetu ni kwamba mfiwa hupikiwa na majirani. Watu wa msikitini walikuwa makaburini wakichimba, na nyumbani wageni kutoka Tunduru walikuwa wamefika na njaa. Basi marehemu aliinuka kutoka mkekani pa msiba wa mkewe, akachukua kisu, akachinja mbuzi mwenyewe. Alinawa, akarudi kukaa. Sijaona jambo baya kuliko hilo maishani mwangu, na nilitegemea kwamba baada ya hapo angekitupa kisu. Wiki tatu baadaye aliitwa kwenye kipaimara, akaenda.

Kisukari kilimwanza mwaka 2017. Mwaka 2022 alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia, akafunga kibanda, na kuanzia mwaka jana figo zilimchosha. Dada yangu Zulfa alikuja kila wikiendi kutoka Madaba anakofundisha. Siku nyingine alihudumiwa na Mama Imaculata, mjane wa Mzee Otto, aliyeleta uji kila asubuhi kwa miezi saba. Huyu ni lazima nimtaje. Mwezi uliopita alinishika mkono hapo barazani akaniambia, "Muhsini, tangu harusi ya Benigna wangu, baba yako hajawahi kukaa kwenye meza yangu. Nimejitafuta moyoni nione kama niliwahi kumwekea sahani. Sikuwahi." Alilia. Siku hiyohiyo aliandaa meza chini ya dirisha la baba, wakala ndizi wote wawili. Baba alikula tatu, ingawa alikuwa amekataa chakula siku nzima.

Ndugu zake walikuja kumwomba akubali kurudishwa Tunduru akauguzwe na, ikibidi, akazikwe huko kando ya wazazi wake. Alikataa. Aliniambia mimi na Zulfa, akiwa na akili zake zote, "Nizikeni hapa, pembeni ya Shakila. Aliyezikwa mahali haitwi tena mgeni." Ndilo jambo pekee alilotuomba. Hakuacha shamba wala usia mwingine.

Alifariki jana, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nane mchana, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Saa kumi kikundi cha kuzikana kilikuwa kimeshafika. Safari hii viti vililetwa vyote, maturubai mawili, sufuria na kuni, na wanawake wa mtaa wakashika jiko. Kwa hilo tunashukuru kwa dhati, na baba angeshukuru kuliko sisi. Ndugu William, mwenyekiti wa sasa, akanivuta pembeni kunipa habari njema: kikundi kimekodi basi dogo la kwenda na kurudi Tunduru, na dereva anataka kujua mwili utaondoka saa ngapi. Hakuna aliyekuwa ametuuliza. Hawakuona cha kuuliza. Kwa moyo safi kabisa walikuwa wamemtafutia baba njia ya kwenda kwao.

Ratiba mliyoshika mkononi ilikuwa imeshachapwa. Mstari wa sita unasomeka: "Saa 7:30 mchana, kuusafirisha mwili wa marehemu kwenda nyumbani." Naomba mwenye kalamu aufute.

Na jambo la pili. Leo asubuhi waliletwa mbuzi wawili, wakafungwa kwenye nguzo ya kibanda. Watu wakasimama nao muda mrefu wakitazama mlangoni, na nikaelewa kuwa kwa mazoea walikuwa wanamngoja fundi atoke. Baadaye William akaniuliza kwa sauti ya chini kisu cha mzee kiko wapi, kwa kuwa sasa nitakuwa mimi. Mbuzi hao wamechinjwa na watu wa msikitini. Kisu ninacho, nimekifunga katika kitambaa kilekile, na ninajua kukitumia kwa sababu alinifundisha. Sikikatai. Ila atakayekuja kunigongea asubuhi ya sherehe yake, aniwekee na kiti mezani.

Marehemu ameacha watoto wawili, Zulfa na Muhsini; wajukuu watano, wote waliozaliwa Songea na wote wanaoitwa Vikorosho; kaka mmoja na dada wawili walioko Tunduru; na mtaa alioutumikia kwa miaka thelathini na minane.

Baada ya swala ya adhuhuri tutamsindikiza. Basi lile limerudishwa, kwani makaburi yapo dakika ishirini kwa miguu, na kila mtu wa mtaa huu anaweza kubeba jeneza walau hatua kumi. Tukirudi kutakuwa na pilau. Mikeka imetandikwa, meza zimepangwa, na hakuna mfuko wa kupitishia mlango wa uani. Wote mtakaa.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Daimu Bakili, fundi, apumzike kwa amani kwao, Songea.