Nishani ya Wasokota Kamba wa Kisauni

Wachungaji wetu, wazee wetu shikamooni, na ninyi majirani mliojaa ua huu tangu juzi, mimi ni Ruwa, mwanawe wa kwanza, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Mzee Yohana Chengo Ruwa, ambayo kwa kweli yana vicheko vingi kuliko vilio.

Alizaliwa Utange mwaka 1889, akasoma shule ya misheni hapa Kisauni hadi mwaka 1904, kisha akaajiriwa bandarini kufunga meli, na huko ndiko alikoijua kamba nzuri na mbaya. Tarehe 4 Desemba 1915 alifunga ndoa na mama yetu, Kache, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Dorcas na Jumwa, na mwaka 1926 akafungua hapa Kisauni kiwanda cha kamba za makumbi ya nazi.

Vita vilipojaza manowari Kilindini mwaka 1942, na kamba za ng'ambo zikaadimika, baba alisokota pamoja na akina mama wa kiwandani hadi viganja vikamtoka malengelenge, na njaa ya mwaka uliofuata ilipoingia, aliweka masufuria ya uji mlangoni, akanywa kila aliyefika, bila kuulizwa ni wa nani.

Tarehe 8 Juni 1946 aliitwa kambi ya wanamaji, Likoni, avishwe nishani ya raia waliosaidia vitani. Alikodi lori, akawapakia wasokotaji wote na leso zao mpya, lakini langoni tukaambiwa aliyealikwa ni yeye na jamaa zake tu. Tuliingia, na ofisa alipoinyanyua nishani, baba akarudi nyuma, akasema, "Bwana, nashukuru sana, lakini waliosokota wako nje juani, na wasipoingia, nami natoka."

Mama akanishika mkono akidhani tutarudi na pingu, kisha yule ofisa akaangua kicheko, akaamuru lango lifunguliwe, na vigelegele vilivyoingia vikaifunika bendi nzima. Baba akaomba avishwe Kanze, msokotaji wake wa kwanza, naye Kanze akauliza, "Mzee Chengo, nikifua leso, hii naivua au naifua nayo?"

Tangu hapo msokotaji mmoja aliivaa kanisani kila Jumapili kwa zamu, na baba hakuivaa hata mara moja.

Novemba iliyopita moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, akarudi nyumbani, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 10 Machi 1949, akatutoka akiwa ameshikwa mkono na mama.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Pascalia, wafanyakazi wote wa kiwanda, na jirani yetu Mzee Faki, aliyemletea madafu kila asubuhi na kumuombea dua.

Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa hili: "Msiniimbie nyimbo za kujikokota, mimi si mgonjwa tena."

Basi, wanakwaya, simameni, na mwanzie juu.

Baba, kazi umeimaliza, pumzika salama.